Mmea ukitoa maziwa, kobe asile?

SWALI: Shikamoo mama. Kobe wangu anapenda mno mchunga ninaomchumia. Juzi jirani kaniambia mmea wowote unaotoa maziwa ukiukata ni sumu. Nimeacha kumpa, na majani mengine anayanusa tu kisha anayapita. Ni kweli asemayo jirani?

JIBU: Marahaba mwanangu. Jirani yako ana nia njema, ila kwa kanuni hiyo kobe angenyimwa mojawapo ya majani bora kwake. Jina la mchunga hubeba mimea zaidi ya mmoja, kwa hiyo nikutajie huu ninaowapa wangu: Sonchus oleraceus. Unatoa utomvu mweupe, na hauna madhara kwa kobe. Miongoni mwa wenye kudhuru ni utomvu wa jamii ya Euphorbia, ambao huchoma ngozi, mdomo na macho.

Nayajua kwa jicho langu. Mwaka wa kwanza wa kufuga nilichuma jioni, giza likiingia, nikachanganya mziwaziwa, mmoja wa jamii hiyo ya Euphorbia, na mchunga, kisha nikajifikicha jicho. Liliniwasha usiku kucha. Nilishukuru kwamba fungu lile lilikuwa bado halijafika kwa kobe.

Tangu hapo sichumi mmea nisiouona ua lake. Ua la mchunga ni la njano, limejaa vipande vyembamba, na likikomaa hugeuka manyoya meupe yanayopeperuka. Shina lake lina uwazi ndani, na majani hulikumbatia pale yanapoota. Mziwaziwa, Euphorbia hirta, majani yake huota mawili mawili yakitazamana, shina lina vinywele na wekundu, na vijiua vyake vidogo sana hukusanyika kwenye makwapa ya majani. Ukiulaza mmoja kando ya mwingine, hutaukosea tena.

Usimwachie kobe akuchagulie. Kobe wa kufugwa hung'ata hata lantana na oleanda, na zote mbili ni sumu. Mbarika vivyo hivyo.

Wala asile mchunga mtupu. Mchanganyie nyasi, majani na maua ya haibiskasi, na mpungate uliotolewa miiba. Mchicha pori mpe kidogo tu, kwa kuwa una oksaleti zinazozuia mwili kupata kalsiamu, na gamba linaihitaji sana. Usichume kando ya barabara wala palipopuliziwa dawa ya magugu.

Ukishauhakikisha kwa ua lake, mrudishie mchunga wake leo leo.