Usianze na kumbukumbu za jenerali, anza na kalenda

Simama hapo hapo. Umesema riwaya yako ni ya mpagazi katika Vita Kuu ya Kwanza huku Afrika Mashariki, kwamba utafuata kumbukumbu za Lettow-Vorbeck, jenerali aliyeongoza jeshi la Wajerumani huku, sura kwa sura, halafu unauliza sare, bunduki na ruhusa ya picha. Acha. Mimi kosa hilo lilinifutisha sura nne.

Kitabu kile kilitoka 1920. Aliyekiandika alishajua vita viliishaje, tena anatetea maamuzi yake. Mpagazi wako hajui lolote. Chukua mwisho wenyewe: tarehe 11 Novemba 1918 mizinga ilinyamaza Ulaya. Tarehe 13 Wajerumani walikuwa wanaingia Kasama, Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo. Habari ya Waingereza kwamba vita vimekwisha iliwafikia tarehe 14 kando ya mto Chambeshi, na silaha zikawekwa chini Abercorn, ndiyo Mbala ya leo, tarehe 25. Ukimfanya mpagazi ashangilie tarehe 11, umetupa siku tatu za vita vilivyokwisha bila yeye kujua, na siku kumi na moja za kutembea kwenda kusalimu amri. Hapo ndipo riwaya ilipokuwa!

Na wale walimu wa uandishi wanaosema "soma kitabu kimoja kizuri, kinatosha", wanawapotezea watu miezi. Inaniuma kweli.

Chora kalenda, mstari mmoja kwa siku, safu tatu: nini kilitokea, nani alijua, alijua lini. Jaza kwa maandishi ya siku ileile tu. Shajara za vikosi vya Waingereza ziko Kew, London, kwenye nyaraka za taifa za Uingereza, kundi WO 95. Mafaili ya wizara ya makoloni ya Ujerumani yako Bundesarchiv, nyaraka za taifa za Ujerumani, kundi R 1001. Dar es Salaam, Nyaraka za Taifa wana mafaili ya utawala wa Kijerumani, mengine kwa mwandiko wa zamani ambao lazima ujifunze kuusoma kwanza. Kumbukumbu za wakubwa ziingie mwisho, kwa wino wa rangi nyingine.

Utakwama kwenye majina ya mahali, maana kijiji kimoja huandikwa namna tatu. Kitafute kwa mto au mlima ulio jirani. Wapagazi nao mara nyingi ni idadi tu, hawana majina. Wafuate kwenye hesabu za posho, malipo na wagonjwa.

Andika na mvua. Aprili 1916 masika yaliwanasa askari wa van Deventer, jenerali wa Afrika Kusini upande wa Waingereza, Kondoa Irangi, chakula hakifiki, farasi wanakufa. Sura ya mwezi ule yenye vumbi barabarani ni ya uongo. Tena mwaka ule Tanganyika ni ziwa, si nchi. Jina hilo nchi ilipewa 1920. Upande wa Wajerumani mpagazi hahesabu shilingi, anahesabu rupia, na kila rupia ni heller 100.

Anza leo na Novemba 1918, mistari 25. Safu ya tatu ikibaki tupu, usiandike hata sentensi moja ya siku hiyo.