Usingoje Ilhamu, Anza na Vina

Wengi wanaoniomba ushauri juu ya utunzi wa mashairi huniuliza wafanye nini ili ilhamu iwajie. Jibu langu, baada ya miaka mingi ya kutunga huku nikiwa mwajiriwa, ni kwamba ilhamu hufuatwa, na njia ya kuifuata ni kukaa kitako kila siku saa ile ile na kuanza kuhesabu mizani, yaani silabi za kila mstari, hata kama kichwani hamna wazo lolote.

Tarbia ya kimapokeo ina mishororo, yaani mistari, minne katika kila ubeti, na kwa kawaida kila mshororo una mizani 16, nane kwenye ukwapi (nusu ya kwanza) na nane kwenye utao (nusu ya pili), pamoja na vina, yaani silabi za sauti moja, vya kati na vya mwisho. Wapo wanaoona masharti haya ni pingu za ubunifu, lakini mimi yamenifungulia mengi. Wakati fulani nilitaka kueleza jinsi mama alivyokuwa akiamka kupika vitumbua vya kuuza. Maneno yaliyonijia kwanza yalikuwa "Mama aliamka mapema", ambayo ni mizani kumi. Nikapunguza, "Mama kaamka mapema", bado ikazidi moja. Ndipo nikalazimika kufikiri upya, likaja "kadamka", ambalo tayari lina alfajiri ndani yake, na "mapema" ikawa haina kazi tena: "Kadamka mama yangu, moto kuuchochelea." Moto huo haukuwamo katika wazo langu la mwanzo, uliletwa na utao uliokuwa ukidai mizani zake nane. Kisha kina cha -ngu kikanipeleka kwenye chungu, kwenye mafungu ya kuni, hata kwenye uchungu ambao sikuwa nimekusudia kuutaja, na nadhani bila sharti lile nisingeufikia kamwe.

Kuhusu muda, sikubaliani na wanaosema kazi ya ofisi huua kipaji. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga, alikuwa karani wa forodha katika serikali ya kikoloni kuanzia 1926 hadi 1944, na aliendelea kuwa mtumishi wa serikali baada ya hapo. Utenzi wake juu ya vita vya 1939 hadi 1945 una beti zipatazo 3,000, na kila ubeti wa utenzi una vipande vinne vya mizani nane. Siamini kwamba kazi ya ukubwa huo inaweza kutoka kwa mtu anayesubiri moyo wake utulie kwanza.

Mimi hutunga baada ya swala ya alfajiri, kwa penseli, simu ikiwa chumba kingine, na lengo langu ni ubeti mmoja tu. Ukikamilika mapema, nasimama hapo hapo, ili kesho nirudi nikiwa bado na hamu. Siku ambayo hakuna kinachokuja, natunga juu ya kilicho mbele yangu, kiwe chandarua au honi ya daladala ya kwanza, kwa sababu siku hiyo ninachokilinda ni ile saa yenyewe. Ubora wa ubeti utashughulikiwa siku nyingine.

Nawaomba sana wale wenye madaftari yaliyojaa mishororo ya kwanza tu, na najua ni wengi, wachague shairi moja walimalize kabla ya kuanza jipya, hata kama limeshaanza kuwachosha. Likikamilika, lighani kwa sauti mbele ya mtu asiyeogopa kukukosoa, kwani sikio hukamata guni, yaani kasoro ya vina au mizani, upesi kuliko jicho. Rekebisha alipokukosoa, kisha lipeleke nje siku hiyo hiyo. Magazeti ya Kiswahili, kama Taifa Leo la Kenya, huchapisha mashairi ya wasomaji, na mhariri hawezi kulipokea shairi lililomo kwenye mtoto wa meza yako. Wala usikae kungoja jibu lake: kesho alfajiri anza ubeti mwingine, kwa vina ambavyo hujawahi kuvitumia.