Panya hai usimwache usiku na chatu

Chatu wangu ana kovu mgongoni. Aliyemtia ni chakula chake mwenyewe.

Jioni hiyo nilimtumbukizia panya hai ndani ya sanduku, nikazima taa, nikalala. Nilijiambia atakula akitaka. Kumbe macho yake yalikuwa yameanza kufifia kama maji ya maziwa: alikuwa anakaribia kujivua gamba, na nyoka wa hali hiyo mara nyingi hataki kula. Panya naye hakukubali kulala njaa. Asubuhi nilikuta ngozi imetafunwa mpaka nyama inaonekana. Tunadhani nyoka atajitetea, lakini asiye na njaa anaweza kujilaza tu huku akiliwa.

Tangu hapo namletea mnyama aliyekwisha kufa. Namtia kwenye mfuko, namchovya katika maji ya moto kidogo, kisha namtikisa mbele ya chatu kwa koleo refu. Chatu anafuata joto na harufu, uhai hauulizi. Wako akikataa kabisa, mpe hai, lakini kaa hapo hapo. Robo saa ikipita hajamgusa, mtoe.

Unene wa mnyama usizidi pale chatu alipo mnene zaidi. Hapa Bukavu simbilisi, wale wanyama wadogo wanene wasio na mkia, wanafugwa jikoni kwa watu wengi, ila aliyekomaa ni mpana mno kwa chatu mdogo. Namnunua mtoto, na hata huyo ni wa kuangaliwa, maana anazaliwa na meno tayari. Panya wa kunaswa mitaani, Kadutu au Nguba, sitaki hata kuwaona. Aliyekula sumu hutembea siku kadhaa kabla ya kufa, na sumu hiyo inaingia kwa chatu.

Halafu kuna baridi yetu. Bila joto la karibu nyuzi 30, chakula kinaozea tumboni. Umeme ukikatika, nafunga vidumu vya maji ya moto kwa kitenge, naviweka upande mmoja wa sanduku ili apate pa kuhamia akizidiwa.

Akishakula, usimbebe kwa siku mbili. Mimi nilimbeba jioni ileile nimwonyeshe shemeji, akatapika simbilisi mzima kwenye mkeka wa mama mwenye nyumba. Mama alimtambua kwa madoa: alikuwa wa jikoni kwake, aliniuzia asubuhi akidhani nataka kufuga.