Kabla hujamlaza mtu kwenye MRI, mfundishe kushusha pumzi

Mwezi wangu wa kwanza wa kupima mishipa ya damu ya ubongo, nilitupa vipimo vya watu wanne, na mashine ya MRI, ile inayopiga picha za mwili kwa sumaku, haikuwa na kosa lolote. Nilikuwa mwanafunzi Uingereza, na akili yangu yote ilikuwa kwenye sumaku yenye nguvu ya Tesla 3 na programu zake. Sikuwa nimeelewa kwamba nusu ya kazi hii inafanywa na mapafu ya aliyelala mle ndani.

Mishipa ya ubongo hutanuka hewa ukaa inapoongezeka kwenye damu. Jambo hili si geni. Kety na Schmidt walilipima kwa watu huko Marekani na kuchapisha mwaka 1948. Sisi tunatafuta kujua mshipa una nafasi kiasi gani ya kutanuka. Ulio mzima hufunguka ukichokozwa. Ule ambao umekwisha kufunguka hadi mwisho, kwa kuwa mshipa mkubwa wa shingoni unaouletea damu umeziba, hauna cha kuongeza. MRI huliona hilo kupitia himoglobini, inayobeba oksijeni kwenye damu: ile iliyokwisha kuitoa huvuruga sumaku iliyo jirani nayo, na damu mpya ikimiminika kwa wingi vurugu hupungua, picha ikang'aa kidogo. Ni kidogo kwelikweli. Kwenye sehemu ya kijivu ya ubongo ni kama asilimia 0.2 hadi 0.3 kwa kila milimita moja ya zebaki (kipimo cha kani ya hewa) ya hewa ukaa iliyopanda.

Unaweza kumvalisha mtu maski na kumpa hewa yenye asilimia 5 ya hewa ukaa (hii tunayovuta kila siku ina kama 0.04 tu), lakini hapo unahitaji mitungi, vali na mtu wa kuisimamia. Au unaweza kumwambia abane pumzi. Anayeanza namshauri hii ya pili, ingawa ndiyo iliyoniumbua.

Mtu wangu wa nne alikuwa mzee wa Kojani, Pemba, mvuvi wa zamani, aliyehamia kwa wanawe. Nilifurahi kumpata: huyu kuzama anakujua, pumzi si tatizo. Maandishi ya "bana pumzi" yalipotokea kwenye kioo chake, akajaza kifua kama anayemfuata pweza chini ya mwamba. Kichwa kikasogea. Hewa safi yote ile ikaishusha hewa ukaa kwanza badala ya kuipandisha. Muda ulipokwisha akavuta kwa mdomo, haa! Mrija wa puani, unaopima hewa ukaa mtu anaposhusha pumzi, haukunasa kitu, na mimi nikabaki bila namba ya kugawia ule mng'ao wa picha.

Nikamtoa, tukakaa kwenye benchi.

"Mzee, leo hatuzami. Shusha pumzi kawaida, kisha bana hapo hapo. Nikisema basi, shusha tena kile kilichobaki, kwa pua, ndipo uvute."

"Sasa wewe wataka nizame kifua kitupu?"

"Ndiyo, mzee wangu. Kitupu."

Alicheka, akajaribu mara tatu akiwa na mrija puani, huku nikimwonyesha mchoro kwenye skrini. Kila ukishusha pumzi mstari wa hewa ukaa hupanda hadi karibu na milimita 40 za zebaki, kisha huanguka unapovuta. Ile pumzi ya baada ya kubana lazima ipande kuliko zilizotangulia. Isipopanda, rudia hapo hapo benchini, kwa sababu ndani ya mashine utalipa kwa muda na kwa uvumilivu wa mtu.

Sekunde za kubana pumzi zisikutie wazimu. Tunaomba 15 hadi 20, na wengine hukatia njiani. Watafiti Bright na Murphy wa Cardiff walionyesha mwaka 2013 kwamba hata aliyebana kwa muda mfupi anatoa kipimo cha kuaminika, mradi ile hewa ukaa ya mwisho imepimwa. Kwa hiyo usimkaripie aliyeshindwa na sekunde. Hangaika na ile pumzi ya kushusha.

Kahawa ulizia mapema, maana hubana mishipa. Mwenye mafua mwambie arudi wiki nyingine. Pua iliyoziba haikupi kitu. Na kila mtu umwonyeshe kile kipira cha kuminya akitaka kutoka, kwa sababu hewa ukaa ikipanda mwili hupiga kelele ya hofu hata kama hakuna hatari.

Halafu kuna kuchelewa. Hewa husafiri mita kadhaa za mrija kabla ya kufika kwenye kipimio, na damu nayo huchukua sekunde zake kutoka mapafuni hadi kichwani. Ubongo wenyewe haujibu kwa pamoja: sehemu nyeupe huja nyuma ya kijivu. Ukiupangia ubongo wote muda ule ule wa kujibu, eneo linalochelewa tu utaliandika kuwa limekufa.

Ukikuta eneo linafifia wakati wenzake wanang'aa, usikimbilie kulifuta. Aliyewahi kukaa mwisho wa bomba la mtaa anaijua hali hiyo: wa juu wakifungua wote, kwako yanakatika. Eneo ambalo mishipa yake haina tena pa kutanukia hunyang'anywa damu namna hiyo hiyo. Mimi narudi kwanza kwenye mchoro wa pumzi, kisha kwenye mwendo wa kichwa, kisha kwenye kule kuchelewa. Vyote vikiwa sawa na eneo bado linafifia, ndipo nampigia daktari.