Trekta ndogo ya kufyekea msitu Pemba: ile ya kwanza ilitaka kuniua

Assalaam aleikum. Suali la huyu ndugu alioko Maskati nimeliona tangu juzi nikasema ntalijibu nikipata wasaa, maana wengi walomjibu wanamtajia jina la trekta tu, hakuna alomuuliza shamba lenyewe likoje. Kasema ana eka tano Chambani walizorithi yeye na nduguze, nusu mteremko nusu linashukia bonde la mpunga, halijaguswa mwaka wa nane huu, mna mikarafuu ya zamani imezongwa na msitu, na anataka kujua achukue Kubota mtumba wa Japani ya hosipawa 24 au Mahindra mpya ya 45, na jee pawatila, ile trekta ya mkono ya magurudumu mawili, haitoshi? Na kauliza pia kuhusu loda, ile ndoo ya kubebea inayofungwa mbele.

Mie niko upande wa Wete, shamba langu eka sita na kitu, ni kupanda na kushuka tu, na nishanunua trekta mbili. Hii ya pili ndo inayofanya kazi mpaka leo. Ya kwanza jina lake sitaji, ilikuwa mtumba wa Kijapani, kidogo kizuri, hosipawa 19, imepakwa rangi mpya inameta, nikaingia mkenge.

Siku ya pili tu nashuka nayo mteremko, nyuma nimefunga slasha, yaani mashine ya kufyekea, ya futi nne, nyasi zimepita kifua, mara naona mbele ardhi imekatika, kuna ukingo wa kushukia bondeni. Nikakanyaga klachi nikijua itasimama. Haikusimama. Inanisukuma vile vile kama sijakanyaga kitu, na mie kwa kubabaika naikandamiza ile ile klachi, breki nishaisahau, mpaka nikazuiliwa na mnazi. Redieta ikapasuka, maji ya moto yakanirukia miguuni. Kijana niliyekuwa naye alianza kucheka, aliponitizama uso akanyamaza.

Sasa sababu yake ndo kitu ambacho hakuna muuzaji aloniambia na ndo maana naandika marefu. Trekta nyingi ndogo za zamani, ile PTO, yaani shafti ya nyuma inayozungusha slasha, inapitia kwenye gia boksi ile ile ya magurudumu na klachi ni moja. Ukikanyaga unaitenga injini tu, lakini slasha na magurudumu bado wameshikana wenyewe kwa wenyewe, na lile sahani zito la slasha na visu vyake likishashika kasi halisimami mara moja, linarudisha nguvu kwenye gia boksi na trekta inakwenda. Dawa yake ni kifaa kidogo kinachokaa baina ya shafti ya trekta na shafti ya slasha, kinafanya kazi kama friwili ya baiskeli, injini inaizungusha slasha lakini slasha haiwezi kuizungusha trekta. Kifaa chenyewe ukilinganisha na bei ya trekta si pesa. Au nunua trekta yenye klachi ya hatua mbili, au yenye PTO inayojitegemea, kwisha maneno. Kwa hiyo hiyo Kubota ya 24 kabla hujatuma hata senti muulize muuzaji PTO yake ni ya namna gani, akijibu "ni nzuri tu" ujue hajui.

Tuje kwenye hosipawa. Ile 24 iloandikwa ni ya injini, kwenye PTO inafika kama 20 hivi. Slasha ya kazi nyepesi hupigiwa hesabu hosipawa 5 za PTO kwa kila futi moja ya upana, ina maana ya futi nne inataka 20, na hapo ni nyasi na vijiti. Shamba la miaka minane si nyasi, mna mipera, mna mipesi imeshakuwa minene kama mkono, kwa hiyo 24 na futi nne utafanya kazi lakini ukomo wako ndo huo, usije ukashawishiwa slasha ya futi tano. Mie sasa natumia Kubota ya 34 na slasha hiyo hiyo ya futi nne, inatafuna mti wa unene wa kifundo cha mkono bila ya injini kuguna. Zaidi ya hapo ni shoka au msumeno, na kisiki ukikate usawa wa ardhi, sio umwachie mwenzio mkuki wa kutobolea mpira.

Na usidanganywe kuwa utamaliza eka tano kwa siku moja. Futi nne ni mita 1.2, ukienda kilomita 2 kwa saa, na msituni huendi zaidi ya hapo, unapata mita za mraba 2,400, toa za kupishana na kugeuza na kushuka kuondoa kamba za mitambaazi ilojizonga kwenye visu, ukipata nusu eka kwa saa shukuru.

Mahindra ya 45 sisemi mbaya, kwa anaelima mabonde makubwa kama ya Cheju huko Unguja ni trekta khasa, lakini ni chuma cha karibu tani mbili, kwenye mikarafuu ilopandwa karibu karibu itageukia wapi? Na ardhi yetu ile nyekundu ikinyeshewa, mteremkoni uzito unakuvuta. Mie kwa Chambani ningechukua baina ya 28 na 35, magurudumu yote manne yawe yanavuta, na chuma cha kukinga kichwa nyuma ya kiti pamoja na mkanda. Hicho chuma nnakusisitizia. Mitumba mingi haina, wanavikata ili vienee kwenye kontena au havikuwepo tangu mwanzo. Kama haina chomelesha kwa fundi anaejua na akifunge kwenye ekseli, sio kwenye madigadi. Mteremko panda na kushuka moja kwa moja, usiukate ubavu, na pale ambapo wewe mwenyewe ukisimama unahisi kuteleza usiende na trekta kabisa, peleka watu na mapanga. Mipira ya nyuma jaza maji robo tatu, inatulia sana, ila yawe maji ya kisima matamu, sio ya pwani, ringi italika.

Kuna mmoja kauliza hapo juu kama ushauri ni huo huo kwa shamba lake la Makunduchi, kusini ya Unguja, kwenye ardhi ya mawe. Hapana, mawe hayo ni dunia nyengine. Shemegi yangu ana shamba Wingwi, mawe ya namna hiyo hiyo, nilimpelekea trekta siku moja tu nikarudi na mpira umechanika ubavuni na kisu cha slasha kimepinda kama mundu. Jiwe limejificha chini ya majani linatoka na ncha kali, kisu kikilipiga linaruka vipande hata zaidi ya mita hamsini, na usiku ungeziona cheche. Huko kama huna budi, nyanyua slasha kiganja kizima juu ya ardhi, funga minyororo mbele na nyuma ya slasha kuzuia vipande, watu wakae mbali, na kwanza tembea shamba zima kwa miguu. Kutembea huko hata Pemba ni lazima. Mie kwenye langu nilikuta kisima cha zamani hakina hata ukingo, na makaburi matatu ambayo hata mzee wangu alikuwa hayajui. Tuliyazungushia vijiti na kitambaa cheupe, yapo mpaka leo.

Na vijiti hivyo hivyo vifunge kwenye michipukizi ya mikarafuu. Chini ya mikarafuu mikongwe mna miche ilojiotea yenyewe, ni mali ile, slasha haijui huu mkarafuu huu mpera. Tanguliza vijana wawili na panga siku mbili tatu, wasafishe duara kila shina, halafu trekta ipite katikati ya mistari. Rotaveta, ile mashine ya kuchimbulia udongo, chini ya mikarafuu usiipitishe, mizizi iko juu juu. Na kama kuna mkarafuu mkavu unataka kuuondoa kapite kwa sheha kwanza uulize utaratibu wa kibali, usiukate kwa sababu ni shamba lako.

Slasha sasa. Kwenye shafti mna bolti moja laini, imeekwa makusudi ikatike ukigonga kisiki ili gia boksi ipone. Yangu ilikatika mara tatu kwa siku moja, nikachukia, nikaenda kutia bolti ngumu ya gari. Kisiki kilichofata kikang'oa meno ya gia. Ilikaa wiki saba inasubiri kipuri kutoka Dar. Nunua bolti laini ishirini uzieke kwenye kopo chini ya kiti, na usitie ngumu hata kama imebaki dakika tano kufika magharibi.

Shafti hiyo kwa kasi yake ya kawaida inazunguka mara 540 kwa dakika, mara tisa kila sekunde. Usiikaribie na kikoi, wala kanzu, wala shuka uloifunga kichwani ikining'inia. Lile gamba la plastiki linaloifunika likivunjika, nunua jengine.

Upupu! Nilikuwa nasahau. Shamba la miaka minane lazima mna upupu, na maganda yake yakikauka ukiyapitia na slasha ule unyoya wote unakuja kwako. Mie nilishuka kwenye trekta nikavua nguo pale pale shambani, wallahi sikutizama nani anapita. Fyeka asubuhi umande haujaondoka, mikono mirefu, na uwe unatizama upepo. Na grili ya redieta izibe kwa wavu wa dirisha la mbu, kila nusu saa zima uupanguse, maana makapi yakishika redieta injini inachemka na ndogo hizi hazina subira.

Ukinunua mtumba mtu wako akaione ikiwa ya baridi, asikubali kuikuta ishawashwa. Afungue kifuniko cha oili, ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa mna maji, aondoke. Anyanyue zana nyuma azime injini, akakae robo saa, zikiwa zishashuka chini haidroliki imechoka. Rangi mpya asiitizame, atizame pedeli zilivyolika, saa za kwenye mita zinabadilishika lakini pedeli haisemi uongo. Na apige picha kibati cha namba, modeli zilotengenezwa kwa soko la Japani wenyewe ukienda kutafuta spea kwa jina la modeli hupati, mpaka uwe na namba ya kipuri.

Pawatila ni ya bondeni kwenye mpunga, msituni itakuvunja mabega tu. Na kama nduguzo hawajakubaliana nani atakaa na shamba likishasafishwa, usinunue kitu kwanza, kodi trekta na slasha msimu huu wa kiangazi kabla ya masika muone. Eka tano ukishazifungua zinataka kupitiwa mara mbili tatu kwa mwaka, na hiyo ni kazi ya mtu alioko Pemba, sio alioko Maskati.

Loda ya mbele ulouliza, mie sikununua. Inaongeza uzito mbele na mteremkoni inanitia hofu. Magogo vijana wanayavuta kwa mnyororo na hiyo hiyo trekta, mnyororo tunaufunga chini kwenye ndoano ya kuvutia, usiufunge juu ya ekseli ya nyuma, trekta inanyanyuka mbele na kukulalia.