Jibu kwa anayetafiti chanzo cha rushwa ya kisiasa Kigoma: dodoso la maoni halitoshi

Mkuu, umeeleza kwamba pendekezo lako la shahada ya uzamili, "Chanzo cha rushwa ya kisiasa katika halmashauri za mkoa wa Kigoma", limerudishwa na msimamizi kwa maelezo kwamba halipimiki. Umeweka na dodoso: maswali 40 ya nakubali/sikubali, kwa watumishi na madiwani 120 wa Kigoma Ujiji, Kasulu na Kibondo. Msimamizi wako yuko sahihi. Mada ni nzuri na inastahili kuokolewa, kwa hiyo naandika kwa kirefu.

Tatizo la kwanza ni dodoso. Swali lako la 7 linasema mishahara midogo ndiyo chanzo kikuu cha rushwa. Watumishi 100 wakikubali, utakuwa umejua watumishi wanaamini nini, na mtumishi yeyote ana sababu ya kutaka mshahara wake uonekane mdogo. Chanzo bado hujakigusa. Ghana iliongeza mishahara ya polisi mara mbili mwaka 2010. Watafiti waliofuatilia malori ya mizigo na kulinganisha na nchi jirani ya Burkina Faso walikuta kiasi ambacho madereva walitoa kwa polisi wa Ghana barabarani kimepanda. Hiyo haina maana kwamba mshahara hauna uzito kabisa. Ina maana kwamba mshahara peke yake, bila usimamizi, unaweza usipunguze chochote. Dodoso la maoni lisingeweza kamwe kuonyesha hilo.

La pili ni mipaka ya unachopima. "Rushwa ya kisiasa" kwenye pendekezo lako inabeba ununuzi wa wajumbe kwenye kura za maoni za ndani ya vyama, upendeleo wa madiwani katika kugawa fedha, na hata EPA (kashfa ya akaunti ya madeni ya nje, Benki Kuu). Hayo hayana chanzo kimoja, chagua moja. Na ukitumia sheria kama kipimo, angalia tarehe. Takrima, yaani "ukarimu" wa mgombea kwa wapiga kura, iliruhusiwa kwa marekebisho ya sheria ya uchaguzi ya mwaka 2000, Mahakama Kuu ikaibatilisha 2006, kisha ikaja Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa Na. 11 ya 2007 na Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010. Mgombea aliyelisha wapiga kura pilau mwaka 2005 na aliyefanya hivyohivyo 2010 wametenda jambo moja, lakini kwenye takwimu za makosa wa pili tu ndiye anahesabika. Eleza tendo lenyewe (nani alitoa nini kwa nani, ili apate nini), halafu useme pembeni kama sheria ya wakati huo ililikataza.

Kwenye nadharia umeweka kanuni ya Klitgaard ya 1988: ukiritimba, jumlisha uhuru wa afisa kuamua, toa uwajibikaji. Iache, ila iweke uso kwa uso na mpinzani wake. Persson, Rothstein na Teorell waliandika 2013, kwa mahojiano ya Kenya na Uganda, kwamba pale ambapo kila mtu anaamini wenzake wote wanakula, hata msimamizi hana sababu ya kusimamia. Klitgaard anatabiri kwamba ukiongeza ukaguzi, rushwa inashuka. Hawa wengine wanatabiri kwamba ukaguzi ukiongezeka mikononi mwa watu walewale, hakuna kinachobadilika. Sasa unayo dhana inayoweza kushindwa, na huo ndio utafiti.

Kipimo cha CPI (alama za jinsi rushwa ya kila nchi inavyoonekana) cha Transparency International kiweke kwenye utangulizi tu. Kinapima nchi nzima kwa maoni ya wataalamu na wafanyabiashara, na alama za kabla ya 2012 hazilinganishwi na za baadaye kwa sababu njia ya kukokotoa ilibadilishwa. Afrobarometer, utafiti unaohoji wananchi wa nchi za Afrika, ni nzuri zaidi kwa kuwa inauliza uzoefu, lakini usikate kipande cha Kigoma ukakiita matokeo. Fanya hesabu: sampuli ya Tanzania ikiwa watu 2,400, na Kigoma kwa sensa ya 2022 ina watu 2,470,967 kati ya 61,741,120, yaani asilimia 4, unabaki na wahojiwa kama 96 kutoka maeneo ya kuhesabia watu yapatayo 12. Makosa ya sampuli hapo ni kama asilimia 10 juu na chini, na zaidi ya hapo kwa kuwa wahojiwa wanane wanane wanatoka mtaa mmoja.

Njia ninayokushauri ni kutafuta fedha ileile ikiwa imeandikwa mahali pawili na watu wasiopatana maslahi, kisha kueleza tofauti. Uganda, kati ya 1991 na 1995, vitabu vya serikali kuu vilionyesha ruzuku za shule za msingi zimetumwa. Watafiti Reinikka na Svensson walipokwenda kwenye shule 250 na kusoma vitabu vya shule zenyewe, walikuta zimepokea wastani wa asilimia 13. Indonesia, mtafiti Olken alichukua vijiji 608 vilivyokuwa vinajenga barabara, wahandisi wakachimba vipande vya barabara kukadiria mawe na mchanga uliotumika kweli, wakalinganisha na hesabu za kijiji. Vijiji vilivyoambiwa kwamba ukaguzi ni wa hakika, badala ya uwezekano wa asilimia 4, matumizi yasiyoonekana kwenye barabara yenyewe yalipungua kwa pointi za asilimia kama 8. Ajira za ndugu wa viongozi, hata hivyo, ziliongezeka. Andika hilo kwa wino mzito: ukifunga mlango mmoja, pima na wa jirani.

Kwa Kigoma, anza na kapitesheni, yaani ruzuku ya serikali kwa kila mwanafunzi, ya shule za msingi. Tangu Januari 2016 fedha zinakwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Kiwango kilichowekwa kilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, 6,000 zikienda shuleni na 4,000 zikibaki juu kwa ajili ya vitabu. Yaani shilingi 500 kwa mwanafunzi kwa mwezi. Shule ya wanafunzi 700 inatarajia 350,000. Thibitisha waraka wa mwaka unaoupima kabla ya kuzidisha. Tengeneza jedwali lenye safu tano kwa kila shule na kila mwezi: idadi ya wanafunzi iliyotumika kukokotoa, fedha iliyostahili, iliyotumwa, iliyoingia kwenye taarifa ya benki, na iliyotumika kwa stakabadhi. Safu ya mwisho ihakikishe kwa macho. Kama leja inasema katoni sita za chaki, omba kuona daftari la stoo.

Hapa ndipo wengi wanaharibu. Tofauti si wizi moja kwa moja. Idadi ya wanafunzi inayotumika huwa ya takwimu za shule zinazokusanywa Machi, na Januari inayofuata darasa la kwanza limeshajaa, hasa Kasulu na Kibondo ambako familia zinahama. Mwaka wa fedha unaanza Julai, wa shule Januari, kwa hiyo ukijumlisha vibaya unazalisha upungufu usiokuwepo. Fedha ya Mei inaweza kuingia Julai. Kila pengo lipe alama ya sababu (kuchelewa, idadi ya zamani, kosa la akaunti, lisiloelezeka), na pengo lisiloelezeka pekee ndilo uliite kiashiria. Usiliite rushwa.

Hiyo inakupa kipimo, lakini siasa bado iko mbali. Siasa utaipata kwenye mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Kuna orodha ya vikundi vilivyoomba kwa afisa maendeleo ya jamii, na kuna orodha ya vilivyopewa kwenye mihtasari ya vikao. Swali lako liwe: je, kikundi kutoka kata ya diwani aliye kwenye Kamati ya Fedha kina nafasi kubwa zaidi ya kupata, ukishalinganisha sifa zake na vingine? Usitumie kata kama kipimo chako, maana Kigoma Ujiji ina kata 19 tu na takwimu haitasimama. Tumia kikundi kilichoomba, ili upate mamia. Andika kwa kila kikundi tarehe ya usajili, idadi ya wanachama, kiasi kilichoombwa, kama kiliwahi kukopeshwa, na umbali kutoka makao makuu. Mikopo ilisitishwa Aprili 2023 na kurudishwa 2024 kwa utaratibu mpya. Hilo ni bahati kwako: una kabla na baada, na hapo Klitgaard na wapinzani wake wanaweza kupimwa.

Neno kuhusu CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali): hati inayoridhisha inazungumzia uandishi wa hesabu, haisemi kwamba halmashauri ni safi. Na hoja nyingi za ukaguzi zinaweza kumaanisha wakaguzi walikaa muda mrefu. Tumia hoja moja moja, usihesabu idadi yake.

Kama bado unataka kuuliza wananchi kuhusu kupewa kitu wakati wa kampeni, usiulize ana kwa ana "ulipewa?". Tumia orodha. Nusu ya wahojiwa, wakichaguliwa kwa bahati nasibu, wasomewe mambo manne yasiyo na aibu (alihudhuria mkutano, alimsikia mgombea redioni, aliona bango, aligombea mwenyewe). Nusu nyingine wasomewe hayohayo na la tano, "nilipewa pesa au kitu". Kila mtu anataja idadi tu, si yapi. Tofauti ya wastani wa makundi hayo ndiyo asilimia ya waliopewa. Jambo moja liwe adimu, ili watu wasifike kwenye "yote" na kujianika. Gharama yake ni sampuli: ukiwa na watu 200 kila kundi na mtawanyiko (standard deviation) wa 0.9, makosa ni takribani asilimia 18 juu na chini. Ukitaka 9 unahitaji 800 kila kundi. Kwa bajeti ya mwanafunzi hilo ni zito, ndiyo maana nimekuelekeza kwenye nyaraka. Vijijini Buhigwe na Kakonko andaa na maneno ya Kiha yaliyojaribiwa mapema, asije kila mdadisi akatafsiri lake.

Usalama wa wahojiwa ni wajibu wako. Sheria ya 2007 inamtia hatiani anayetoa sawa na anayepokea, kwa hiyo daftari lenye jina na tukio ni ushahidi dhidi ya aliyekuamini. Tumia namba, usichukue simu zao, na usihoji kwenye ofisi ya mtendaji wa kata.

Vibali vifuate mpangilio: barua ya chuo kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha Katibu Tawala wa Wilaya na Mkurugenzi, ndipo kata na kijiji. Kwenye barua andika "ufuatiliaji wa fedha za umma", kwa kuwa ndicho unachofanya, na orodhesha nyaraka kwa majina na miaka, maana barua inayoomba "taarifa za fedha" inarudi na jedwali la bajeti. Usipange kwenda kwa wahasibu Juni na Julai. Wanafunga hesabu za mwaka na hawatakuwa na muda wa kukutolea mafaili. Oktoba hadi mapema Desemba panafaa, shule ziko wazi na walimu wakuu wapo.