Kabla hujalipia kozi ya barabara na usafiri, tafuta siku ya kwenda uwandani

Kabla hujalipa ada ya kozi yoyote ya mipango ya usafiri, usalama barabarani au ustahimilivu wa miundombinu, omba ratiba yake ya siku kwa siku. Ukiipata, tafuta ndani yake siku ya kwenda uwandani. Kozi ya siku 5 ambayo siku zote zinaishia ukumbini itakupa cheti na mkoba. Yenye siku 2 za barabarani, na siku ya mwisho ya kutetea ripoti mbele ya watu wanaoijua barabara hiyo, itakuachia kazi unayoweza kuifanya mwenyewe Jumatatu inayofuata. Tunawaandikia mafundi sanifu na wahandisi wa TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini Tanzania), maofisa mipango miji wa halmashauri, vijana waliomaliza chuo juzi na wenzetu wa kaunti za Kenya, kwa sababu wengi wao wana nafasi ya kwenda kozi moja tu kwa mwaka, na inauma ikipotea bure.

Tuanze na mipango ya usafiri. Hapa msingi ni kuhesabu, na kuhesabu ndiko kunakodharauliwa kuliko kazi zote. Kozi nzuri inakufundisha kupanga hesabu ya magari ya siku 7 mfululizo, angalau siku moja ya kazi na siku moja ya mwisho wa wiki zikihesabiwa saa 24, na zilizobaki saa 16. Fomu inagawanywa kwa dakika 15, kila upande wa barabara una mtu wake, na kila mtu anapokelewa zamu baada ya kufanya kazi kwa muda wa saa 8, kwa kuwa aliyechoka huandika namba za kubuni. Makosa ni yale yale kila mahali. Hesabu inafanywa siku ya mnada au wiki ya mishahara, kisha inachukuliwa kuwa hali ya mwaka mzima. Au inafanywa Machi kwenye barabara ya Mtwara inayobeba korosho kuanzia Oktoba, malori yasionekane kabisa. Waenda kwa miguu, baiskeli na bodaboda wanaachwa nje ya fomu, kisha watu wanashangaa barabara mpya haina njia ya miguu. Mwulize mwalimu kama mtahesabu na abiria waliomo ndani ya magari. Gari dogo lenye mtu mmoja na daladala iliyojaa ni magari mawili kwenye fomu, ila kwa idadi ya watu hayafanani hata kidogo.

Kwa upande wa ramani, kozi inayofundisha QGIS ina faida kuliko inayofundisha programu ya kulipia, maana QGIS ni ya bure na utaendelea kuitumia hata leseni ya ofisi ikiisha. Jijini Nairobi, wanafunzi na watafiti walipanda matatu wakiwa na simu, wakarekodi njia na vituo, na mwaka 2014 ikatoka ramani ya mtandao mzima wa matatu, mradi ulioitwa Digital Matatus. Kazi ya namna hiyo inafaa sana kuwa zoezi la kozi: njia 3 za daladala, simu 3, siku moja, na jioni muunganishe data zenu. Ukiona kozi ya mipango ya usafiri wa umma isiyokupandisha kwenye daladala hata mara moja, iache.

Usalama barabarani una kozi nyingi, na nyingi ni za kampeni na mabango. Anayesanifu au kusimamia barabara atafute zaidi kozi ya ukaguzi wa usalama barabarani. Ukaguzi huu hufanywa katika hatua 4: upembuzi yakinifu, usanifu wa awali, usanifu wa kina, na kabla barabara haijafunguliwa. Timu iwe na watu 2 au zaidi, na asiwemo hata mmoja aliyeisanifu barabara hiyo. Kozi ikuwekee michoro halisi mezani, ikupeleke eneo lenyewe mchana na usiku, na ikufundishe kuandika kila tatizo kwa mpangilio mmoja: liko kilomita ya ngapi, nani anaweza kuumia, ataumiaje, na lirekebishwe vipi. Kisha mwenye mradi anajibu kila kipengele kwa maandishi, akikubali au akikataa kwa sababu. Hapa ndipo ukaguzi mwingi unapofia. Unafanywa baada ya zabuni kutangazwa, fedha zimeshagawanywa, na kila pendekezo linajibiwa "limepokelewa".

Usiku usiachwe. Barabara inayoonekana safi mchana, usiku unaikuta ina kona isiyo na alama za kuakisi mwanga, na kivuko ambacho taa za barabarani zimeishia mita 40 kabla yake. Mkaguzi aliyefundwa vizuri huona vitu ambavyo wengine wanavipita: kituo cha basi kimewekwa kabla ya kivuko badala ya baada yake, kwa hiyo basi lililosimama linamficha mtoto anayevuka mbele yake. Au tuta. Tuta la duara la kimo cha milimita 100 na urefu wa mita 3.7 hupunguza mwendo bila kuvunja springi. Lile fupi lenye ncha kali linawafanya madereva wahamie kwenye bega la barabara, palepale wanapotembea watu. Kozi ikupe futi kamba ukapime matuta 5 ya mtaani, utaelewa zaidi ya slaidi 50.

Na mwendo upimwe. Kwa barabara moja, pima magari 100 au zaidi yanayokwenda huru bila kufuatana, kisha tafuta mwendo ambao asilimia 85 ya magari hayauzidi. Ukikuta kilomita 68 kwa saa mbele ya shule yenye kibao cha 30, unajua kibao pekee hakijasaidia. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 1.19 walikufa barabarani mwaka 2021, na linaeleza kuwa mwendo wa wastani ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua hupanda kwa takriban asilimia 4. Namba hizo zinafaa kumwonyesha mkurugenzi, lakini ile 68 uliyoipima mwenyewe ndiyo itakayomfanya asaini.

Kama huna ada kabisa, anza na iRAP, shirika la kimataifa la kupima usalama wa barabara, ambalo lina mafunzo ya utangulizi mtandaoni. Mfumo wake unaipa barabara nyota 1 hadi 5 kwa kila kundi la watumiaji, ukitazama sifa za barabara kila baada ya mita 100: upana wa bega, miti iliyo karibu, njia ya miguu, aina ya makutano. Chukua kilomita 2 za barabara unayoipita kila siku ukazipime kwa sifa hizo. Dar es Salaam ina mfano wake wa nyumbani pia: mpango wa SARSAI wa shirika la Amend, uliotengeneza njia za miguu, matuta na vivuko karibu na shule kwa gharama ndogo, ukashinda tuzo ya WRI Ross Center ya miji mwaka 2019. Kozi ya usalama inayotolewa Tanzania bila kuwapeleka wanafunzi kwenye shule mojawapo ya hizo inapoteza darasa lililo jirani.

Sasa maji. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopiga pwani ya kusini, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika eneo la Somanga wilayani Kilwa, na magari yakakwama pande zote mbili kwa siku kadhaa. Jijini, bonde la Msimbazi pale Jangwani limekuwa likifunga Barabara ya Morogoro kwa mafuriko mara kwa mara. Mtu anayetafuta kozi ya ustahimilivu wa miundombinu aulize kitu kimoja tu: je, nitatoka nikiweza kukokotoa ukubwa wa kalavati? Kozi nyingi zenye neno "tabianchi" kwenye jina zinafundisha sera na mikataba. Hayo yana mahali pake, lakini kalavati dogo halisubiri sera.

Hesabu yenyewe kwa vijito vidogo ni hii: 0.278 mara mgawo wa mtiririko (sehemu ya mvua inayotiririka juu ya ardhi bila kunywea), mara ukali wa mvua kwa milimita kwa saa, mara eneo la kilomita za mraba. Chukua kilima cha kilomita 1.5 za mraba na mvua ya milimita 80 kwa saa. Kilima kikiwa kichaka, mgawo ni kama 0.3, unapata mita za ujazo 10 kwa sekunde. Watu wakijenga, wakaezeka mabati na kusakafia viwanja, mgawo unafika 0.6 na maji yanakuwa mita za ujazo 20. Tena yanawahi kufika, kwa hiyo hata ukali wa mvua unaopaswa kuutumia unapanda. Bomba la milimita 900 hupitisha kama mita 1 hadi 1.5 za ujazo kwa sekunde. Kwa hiyo mabomba 2 hayatoshi hata kilima kikiwa kichaka, na kikishajengwa yanang'olewa. Pale panahitajika kalavati la boksi, kwa mfano lenye midomo 2 ya mita 2.5 kwa 2, ili kukaribia mita 20 hizo. Kwa mabonde makubwa hesabu hii haifai. Uliza kama kozi inafundisha mfumo wa mafuriko wa Afrika Mashariki uliotengenezwa na TRRL, maabara ya Uingereza ya utafiti wa barabara, mwaka 1976, kwani ulijengwa kwa mabonde ya huku kwetu.

Hesabu ikiwa sahihi bado kuna mengi ya kuharibika, na haya ndiyo mwalimu mwenye uzoefu atakuonyesha mtoni. Chupa na magogo huziba mdomo wa juu wa kalavati, kule maji yanakoingilia, maji yanapanda na kuvuka barabara, yanaanguka upande wa pili na kuanza kula bega kuelekea katikati. Asubuhi lami inaning'inia. Mdomo wa chini ukiwa hauna sakafu ya mawe na ukuta mfupi ulioshuka ardhini mwishoni mwake, maji yanachimba shimo linalorudi chini ya bomba. Viungio vya mabomba vikivuja, kifusi kinanyonywa kidogo kidogo hadi barabara inatitia siku isiyo na mvua hata tone. Mahali pengine jibu si kalavati kabisa: kwenye kijito kinachojaa siku chache kwa mwaka, drifti ya zege inayoruhusu maji kupita juu ni nafuu na hudumu zaidi, mradi iwe na nguzo za kuonyesha kina ili dereva ajue asivuke.

Kwa barabara za vumbi na changarawe, tafuta kozi itakayokupa DCP mkononi, kifaa cha kupima uimara wa ardhi. Ni nyundo ya kilo 8 inayoanguka milimita 575 ikisukuma ncha ardhini, nawe unasoma milimita kwa kila pigo hadi kina cha milimita 800. Kuitumia kunafundishika nusu siku. Kosa kubwa ni kupima kiangazi, ardhi ikiwa ngumu kama tofali, kisha kusanifu kwa namba hizo barabara itakayopitwa masika. Andika hali ya unyevu kwenye kila fomu.

Kuhusu mahali pa kusoma: NIT (Chuo cha Taifa cha Usafirishaji) pale Mabibo, Dar es Salaam, kwa usafirishaji na uendeshaji wake, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa uhandisi wa barabara, Chuo Kikuu Ardhi kwa mipango miji, na ICoT, chuo cha teknolojia ya ujenzi, chenye kampasi za Morogoro na Mbeya kwa ufundi na teknolojia ya nguvukazi. Kenya kuna KIHBT, chuo cha teknolojia ya barabara na majengo, na Uganda kuna kituo cha MELTC kule Mbale kinachofundisha ujenzi wa barabara kwa nguvukazi. Kabla ya kulipa, uliza kwa maandishi kama saa za kozi zinatambuliwa na bodi ya usajili wa wahandisi, yaani ERB kwa Tanzania au EBK kwa Kenya. Jibu la mdomo halitakusaidia wakati wa kuhuisha usajili.

Nje ya nchi, kozi za JICA, shirika la Japani la ushirikiano wa kimataifa, hupitia serikalini: ofisi yako ndiyo inayopendekeza jina, kwa hiyo nenda utumishi mapema ukaulize orodha ya mwaka. Chevening, ufadhili wa masomo wa serikali ya Uingereza, unaomba mwenyewe, inataka saa 2,800 za kazi baada ya shahada, na dirisha hufunguliwa Agosti. Haina ada ya maombi. Anayekutaka utume pesa kwa simu ili "akushikie nafasi" ni tapeli. Katika barua ya maombi, waombaji wengi hujaza kurasa kwa kusema wanapenda maendeleo ya nchi. Taja barabara moja, tatizo lake, namba uliyopima, na utakachofanya ukirudi. Barua ya mwajiri nayo iseme utarudi kwenye nafasi ipi.

Ukimaliza kozi, ndani ya siku 30 chagua kilomita 5 za barabara. Watu 2, siku moja, futi kamba na simu yenye GPS. Kwa kila kalavati andika kilomita, kipenyo, kina cha mchanga ulioziba kwa milimita, hali ya midomo yote miwili, na piga picha 3: juu, chini na ndani. Fanya hivyo kabla ya masika, kisha rudi baada ya masika usimame palepale ulipopigia picha za kwanza. Jozi hizo za picha, zikiwa na tarehe, ziambatishe kwenye ombi la bajeti ya matengenezo.